Picha ya Siku ya Ganduka

Mke wangu alipofariki nilikuwa na picha zake arobaini na moja kwenye simu, na katika hizo zote hakuna hata moja yenye uso wake.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Alikuwa anauza mawese. Alinunua kwa wakamuaji wa Kizuka, akayaleta nyumbani kwetu Rumonge, na wateja wake wa Bujumbura walitaka kuona rangi ya mafuta kabla hayajapakiwa garini. Yeye alinyanyua dumu, au alimimina kidogo kwenye glasi, mimi nikapiga picha. "Piga mafuta," alikuwa akisema, "usinipige mimi." Nilikuwa mume mtiifu. Kwa hiyo ninazo picha za madumu ya njano yaliyojipanga kama wanafunzi, na pembeni kiwiko. Ninayo glasi ya mafuta mekundu na vidole vitatu. Picha moja ina sikio lenye hereni. Hiyo niliifungua mara nyingi kuliko zote.

Picha ya harusi ilikwenda na maji mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka chumbani. Ilibaki karangamuntu yake, kitambulisho, na humo mhuri ulikuwa umepigwa juu ya mdomo na jicho moja, kama mtu aliyezibwa uso kwa kiganja.

Mwaka ukakaribia kutimia. Kwetu mwaka ukitimia tunafanya ganduka: misa asubuhi, kisha watu wanakaa chini ya turubai, wanakula, wanakunywa, wanatoa hotuba, na wafiwa wanatoka katika kilio mbele ya watu wote. Na mbele ya watu hao lazima iwepo picha kubwa ya marehemu, na maua. Kaka yake mkubwa, anayekaa Bujumbura, alinipigia simu.

"Shemeji, foto iko?"

"Iko ya sikio."

"Ya nini?"

"Ya sikio. Na kiwiko ziko nyingi."

"Shemeji, watu watatoka mbali. Watamulilia nani, kiwiko?"

Nilimwahidi picha itapatikana. Kuna jambo ambalo sikumwambia, wala sikumwambia mtu yeyote: nilikuwa nimeanza kumsahau. Sauti yake nilikuwa nayo, mwendo wake nilikuwa nao, lakini nikijaribu kuuona uso, ulikuja vipande vipande, na kila siku kipande kimoja hakikuja. Niliitaka picha ile kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya wageni.

Nilikwenda kwa mwenye studio karibu na soko. Akazipitia picha zangu zote arobaini na moja kwa subira, kisha akaniuliza, "Mzee, hapa ulikuwa unapiga nini?"

"Mafuta."

"Mafuta yametoka vizuri," akasema, na nadhani alitaka kunifariji.

Alichukua kile kitambulisho, akaufuta mhuri kwa kompyuta, pamoja na mhuri akafuta pua, akarudisha pua nyingine. Kisha akakiweka kichwa hicho juu ya mwili wa mwanamke aliyevaa gauni la dhahabu, amekaa kwenye kochi jeupe, na nyuma yake maporomoko ya maji.

"Unataka gari pia nyuma?"

"Hakuwahi kuwa na gari."

"Basi sasa ndiyo nafasi yake."

Nilimshukuru, murakoze, nikaondoka. Njiani niliona aibu iliyonishika mpaka masikioni. Miaka kumi na tisa nimeishi na mtu, na simu mkononi, na sikujua kumweka mtu ndani ya picha. Nikaamua kujifunza. Najua haina maana. Ni kama kujifunza kuogelea baada ya mtumbwi kuzama. Lakini asiyelala usingizi hupewa na moyo wake kazi za ajabu, na mimi nilipewa hiyo.

Nilianza kwa kutafuta picha za watu wengine, nione waliziwekaje. Kwa kinyozi kulikuwa na bango la vichwa ishirini na vinne bila shingo, vyote vinatazama kando kama vimeitwa kwa pamoja. Nilikaa pale mpaka kinyozi akaninyoa, maana hakuna sababu nyingine ya mtu kukaa pale. Kwenye zahanati kulikuwa na kalenda yenye baba, mama na watoto wawili wanaichekelea nyanya. Niliitazama nyanya ile siku mbili. Niligundua kwamba mwanga ulikuwa unatoka upande wa dirisha na nyanya ilikuwa imepata mwingi kuliko baba. Muuguzi aliniuliza ninaumwa wapi. Nikasema siumwi, naangalia kalenda. Akanipima presha.

Aliyenisaidia ni fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, Mwislamu mmoja mtu mzima, ambaye ana kopo la biskuti lenye picha za zamani za ukoo wake, za nyeusi na nyeupe. Alinipa kopo lote. Lakini fundi huyo mikono yake haijui kukaa. Wakati mimi naangalia picha, yeye alinipima kiuno. Niligeuza picha nyingine, akanipima mguu.

Ilikuwepo picha ya mwanamke amekaa mlangoni. Hakuwekwa katikati. Alikuwa mwisho kabisa upande wa kulia, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa ukuta mtupu wenye mwanga. Ukuta ulikuwa mkubwa kumshinda, lakini macho yangu yalitembea ukutani yakarudi kwake, yakatembea tena, yakarudi.

"Fundi, kwa nini hawakumweka katikati?"

"Alikuwa anangoja mutu," akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Nani?"

"Mama mudogo hakusema mpaka amekufa. Lakini wewe unaona mahali pa huyo mutu, hauoni? Pale kwenye ukuta."

Kweli nilipaona.

"Unaangalia mwanamuke," akaendelea. "Kila mutu anaangalia mwanamuke. Angalia pindo. Nguo mbaya unaijua kwenye pindo, na foto ni vilevile. Mbele ya kupiga, tembeza jicho kando zote ine. Uliza: nani ameingia bila kualikwa? Nani amekatwa bila kosa?"

Nilimfikiria mke wangu, aliyekatwa mara arobaini na moja bila kosa.

Nilirudi siku ya pili na ya tatu. Siku ya tatu nilikuta suruali yangu imeshakatwa. Sikuwa nimeagiza suruali. Ilinikaa vizuri sana, na ninaivaa mpaka leo.

Baada ya hapo nikaanza mazoezi. Nilipiga ndoo. Nilipiga mbuzi wa jirani, ambaye alitoka vizuri, ila mti wa mchikichi ulikuwa unaota kichwani mwake, na nikajua sasa maana ya aliyeingia bila kualikwa. Nilishuka ufukweni kupiga ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa, kwa sababu ndagala hawatikisiki. Mama mmoja mwenye samaki alinitazama nimepiga magoti, natembeza jicho kando zote nne.

"Eh, wewe! Unawapiga foto kwa nini, wamefanya kosa gani?"

"Najifunza."

"Samaki?"

Mwenzake akamgusa. "Muache. Ni yule mufiwa."

"Aa," akasema yule wa kwanza, kwa upole kabisa. "Basi piga, baba. Na hawa wa huku pia."

Wiki nne kabla ya ganduka, dada yake akaja kutoka Bugarama kusaidia maandalizi. Amemzidi marehemu miaka miwili, na wamefanana sana, ila huyu ni mwenye kelele. Jioni moja, jua likiwa juu ya ziwa, alikuwa amekaa uani anachambua maharage, mimi naipiga picha ndoo.

"Shemeji, hiyo ndoo itakuzalia mutoto? Nipige na mimi, nami nitoke."

Nikamweka kando kabisa, upande wa kulia, ukuta wetu ukabaki mtupu na wenye mwanga. Niliangalia pindo zote nne. Nilichukua muda mrefu mno, naye akaacha kutabasamu, akainamia maharage yake. Kisha akainua uso kunitukana, na hapo ndipo nilipobonyeza.

Ile picha ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu yaliyofuata yote yalitokana na uzuri wake.

Kaka yao alikuja Jumapili kuangalia maandalizi yamefika wapi. Aliichukua simu yangu mezani, akaiona picha ile, akavua kofia. Alikuwa ameacha miwani yake Bujumbura. Machozi yakamtoka.

"Shemeji. Uliificha wapi hii?"

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema wakati ule, maneno yalikuwa matatu tu. Lakini sikuwa nimeona mtu analia kwa ajili ya mke wangu kwa miezi mingi, na niliona vizuri kumwona, na mdomo ukajifunga. Hilo ni kosa langu na silipunguzi. Kabla sijaufungua tena alikuwa ameshaituma picha kwa ukoo mzima, Bujumbura, Nyanza-Lac, na kwa ndugu waliobaki Tanzania, na wote walikuwa wanajibu kwa vilio.

Nilimkimbilia dada mtu jikoni nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Muache," akasema. "Amelia vizuri. Tusimuharibie."

"Lakini ni wewe."

"Najua ni mimi, sasa nifanye nini? Nife?"

Siku ya ganduka picha ilisimama chini ya turubai, kubwa kama mlango. Watu waliotoka kanisani walipita mmoja mmoja, wakainama. Shangazi mmoja alisimama mbele yake akaanza kumkumbusha sufuria ambayo hakuirudisha. Dada mtu alikuwa amekaa hatua sita kutoka pale, na sahani ya wali na samaki wa mukeke, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Jirani mmoja aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha.

"Mungu wangu. Mulikuwa munafanana."

"Sana," akajibu, akitoa mwiba mdomoni. "Hata mimi nashituka."

Ikafika zamu yangu ya kuzungumza. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, ya kuwashukuru watu. Nilisimama na suruali yangu ya fundi, nikaitazama picha, na nikaona kwamba nikiyasema yale maneno mbele ya uso ule, nitakuwa nimemaliza kilio cha mtu mwingine. Na uso mwenyewe sitaupata tena.

Nikasema, "Huyu siye."

Nikaeleza yote: mafuta, mhuri, nyanya, maharage. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikamwonyesha dada mtu kwa kidole, naye akavua kitambaa akawapungia mkono wenye kijiko.

Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa mbele, akasema, "Sisi tulijua."

"Mulijua?"

"Tangu mulangoni. Marehemu alikuwa na pengo."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa na huzuni, baba. Halafu foto ilikuwa nzuri."

Kaka yao alikuwa amesimama. Safari hii alikuwa na miwani. "Basi mimi wiki tatu hizi nimemulilia nani?"

"Mimi," akasema dada yake. "Na toka ufike leo haujanisalimia hata mara moja."

Nilidhani atakasirika. Alikwenda kwake, akamshika mikono yote miwili juu ya viwiko kama tunavyosalimiana, akasema, "Amahoro, dada," na wakabaki hivyo muda mrefu, sahani imebanwa katikati yao. Dada mtu ndiye aliyelia. Nafikiri mpaka saa ile alikuwa hajapata nafasi ya kumlilia mdogo wake, kwa kazi ya kuwa yeye.

Halafu yule mama wa kanisani akainuka, akaenda mpaka kwenye picha, akaweka kidole juu ya mdomo.

"Pengo lilikuwa hapa. Kulia."

"Hapana," akasema shangazi wa sufuria. "Chini. Na jicho hili lilikuwa dogo kuliko lingine."

"Jicho gani? Yalikuwa sawa!"

"Hayakuwa sawa. Akikukasirikia, moja linabaki nyuma."

"Hapa kulikuwa na alama ya jembe."

"Haikuwa jembe, alianguka kisimani."

Watu wakawa wengi mbele ya picha, kila mtu na kidole chake, wanamrekebisha dada mtu kidogo kidogo, mpaka karatasi ikaanza kung'aa kwa mafuta ya mukeke. Mama wa kanisani hakutoka kwenye mdomo. "Kulia," alisema. "Nilikaa naye benchi moja."

"Kushoto," nikasema.

Sikuwa nimefikiri. Wakageuka wote.

"Juu, kushoto. Jino la pili. Alikuwa akicheka analiziba kwa ulimi."

"Kulia, baba."

"Kushoto, mama. Nililala upande huo."

Hakukubali. Mimi pia sikukubali. Tulibishana, nikapaza sauti kwenye ganduka ya mke wangu mwenyewe, mbele ya padri, na wakati wote huo mke wangu alikuwa ananitazama, uso mzima, amekasirika, jicho moja limebaki nyuma.