Shakwe Mwenye Namba

Sijui nani alimdanganya yule ndege kuja Nyololo. Kwetu ni baridi na mahindi, bahari tunaisikia kwa watu tu, na ukisema umeona shakwe utaulizwa umekunywa nini. Lakini nilimwona kwa macho yangu, miaka ile ya hamsini, bondeni kwenye vinyungu vyetu vya mboga, baada ya mvua ya mawe. Mweupe, mgongo mweusi, ameloa chapachapa, hata kuruka hawezi. Nikamfunika kwa kikapu. Mguuni alikuwa na pete ya bati yenye namba na maneno ya Kizungu.

Mwalimu wa shule ya misheni alikuwa anapita. Akainama, akasoma, akaguna. "Wanasema atakayemwona atoe taarifa." Taarifa kwa nani? Kwa wenyewe, akasema, huko Ulaya. Nikamuuliza, wana ndege wangapi hao hata wawapige namba? Akacheka, akanakili ile namba, akaenda zake. Mimi nikabaki na ndege ananidonoa vidole.

Nyumbani ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Kaka yangu alikuwa amejificha kwetu tangu mavuno. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba anayeitwa kwa namba, kwenye mashamba ya mkonge, Tanga, akatoroka kabla mkataba haujaisha, na siku zile kutoroka hivyo ni kifungo. Mchana alikaa darini juu ya mahindi, na sisi tukiulizwa tunasema yuko Tanga. Aliposhuka akamwona ndege, akaketi chini. "Huyu ni shakwe! Wamejaa tele bandarini." Kisha akaigusa pete. "Loo! Hata wewe wamekupiga namba, ndugu yangu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. "Mwalimu kaiandika namba hiyo? Anampelekea nani?" Nikajaribu kueleza, nami sijaelewa. Kwetu mtu wa namba akiripotiwa, anayekuja ni askari. Sasa ndege naye kamtoroka nani? Asubuhi kaka alimrusha, tukamwangalia mpaka akapotelea kwenye ukungu.

Tulikuwa tumeshasahau, siku moja mchana akaja tarishi wa boma na baiskeli yake. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi.

"Kamwene, mama. Nimetumwa na boma. Nasikia hapa kwenu alifika mmoja mwenye namba."

Ungo ukamtoka mama mikononi. "Hayupo."

"Lakini alifika?"

"Hajafika. Alifika. Ameshaondoka!"

"Alikuwa mzima?"

"Mzima, mwanangu, kwani kamkosea nani? Mwacheni jamani, kachoka!"

"Hatumtaki kwa ubaya, mama. Bwana Shauri, mkubwa wetu bomani, anataka kujua tu alielekea wapi."

Mimi nimesimama mlangoni, kichwa kinazunguka. Nilijua anamuulizia nani, halafu sikujua, halafu nikajua tena. Mama akaanza kulia kwa sauti, kamshika tarishi mkono. Yule bwana akanikodolea macho kama vile mimi ndiye niliyemroga mama yangu.

"Dada, kuna nini hapa? Mimi naulizia ndege! Yule shakwe. Mwalimu alipeleka habari zake, wenyewe wamefurahi, wanatoa shukrani."

Mama akamwachia mkono. Akajifuta machozi kwa khanga, akaanza kucheka, akakimbia ndani kumwambia kaka. Darini hapakuwa na mtu, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Akatoka mbio mpaka mwisho wa shamba, anaita kuelekea msituni, "Rudi, baba! Ni ndege! Ni ndege tu!" Wapita njia wakasimama kumshangaa. Nilitamani kuwarushia mawe.

Tarishi alikuwa ameshatoa penseli. "Sasa dada, niandike ameelekea wapi?"

Nikamwambia sijui. Mama naye aliendelea kuniuliza vilevile juu ya kaka, mwaka hadi mwaka, mpaka tukamzika, na jibu sikuwa na lingine.