Banio Lililoachwa Wazi

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni tulikuwa na kikao cha kamati ya watumia maji, wenzangu wakabishana mpaka makoo yakawakauka, tukaahirisha hadi kesho yake saa nne. Hoja ilikuwa moja tu, tufunge banio au tuliache. Banio ni lile lango la chuma linalochepusha maji ya mto yaingie kwenye mfereji wetu, na ufunguo wake ninao mimi. Mpunga tulishavuna zamani. Kule chini tindiga linakufa, lile eneo kubwa la matope na matete ambalo mto unaliingia, na wataalamu wamekuja mara mbili kutuomba tuyaachie maji yashuke kiangazi hiki. Na sisi tunajibu nini? Kwamba majaruba yetu ya mpunga yakikauka ardhi itasahau maji. Upuuzi wa kurithi, kila mtu anaukariri, na mimi nilikaa kimya kikaoni kwa sababu mwenyekiti ni shemeji yangu. Nilijichukia.

Ndipo akaja shangazi Sikitu. Huyu ni dada yake baba, ndiye aliyenilea, na alifariki mwaka ule niliooa. Maisha yake yote alivua kambare tindigani na kusuka mikeka ya milulu mpaka vidole vikapinda. Aliingia bila kubisha hodi, yeye ambaye alinichapa nikiwa mdogo kwa kuingia nyumba za watu hivyo hivyo. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe hadi magotini. Nikasimama.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Jamani, mtu aliyenilea kuninyima marahaba! Nilitamani kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Nifuate," akasema.

Natoka naye, jua la mchana linawaka, na hatua ya pili tu tuko tindigani. Nasema tindigani kwa mazoea. Udongo umepasuka, mguu mzima unaingia kwenye ufa. Kwenye dimbwi moja lililobaki kambare wanapandiana migongo, midomo juu, wanatafuta hewa. Kiboko amekwama kwenye tope hadi tumboni, amechoka hata kututisha. Shangazi anainama kwenye milulu, anashika bua moja, linavunjika mkononi. Anashika jingine. Anavunja, anavunja, haniangalii, hata nikimwambia basi inatosha.

Halafu tuko shambani kwangu. Sijui tumefikaje. Mashina ya mpunga uliovunwa yamesimama, na katikati yake maji safi yanatembea, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mabata ya jirani yanaogelea humo, yameshiba. Maji yanavuka jaruba moja hadi jingine, yanamwagika barabarani, yanapotelea mchangani. Shangazi anacheka kicheko kibaya.

"Mpunga uko wapi?"

"Tulishavuna, shangazi."

"Kwa hiyo unamwagilia nini? Mabata?"

Nikaanza kujieleza. Nikasema ni desturi yetu. Nikasema kamati haijaamua. Nikasema hata wenzetu wa mfereji wa juu hawajafunga, sasa kwa nini tuanze sisi. Kadiri nilivyosema ndivyo hasira ilivyonipanda, maana yalikuwa maneno ya shemeji yangu, neno kwa neno, yanatoka kinywani mwangu. Nikamgeuzia yeye ile hasira. Nikamwambia wewe ulishapumzika, kijiji kizima kipo, kwa nini unanisumbua mimi? Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo hivyo.

Akanisogelea mpaka nikaona midomo yake ilivyochanika kwa ukavu.

"Kwa sababu ufunguo unao wewe," akasema. "Niliwaomba mnizike pembeni ya tindiga ili nilale nikisikia vyura. Sasa nasikia udongo ukipasuka. Funga. Halafu mkae vikao vyenu."

Nikaamka. Shuka lilikuwa limelowa jasho na meno yalikuwa yananiuma kwa kukazwa. Kulikuwa kumepambazuka. Sikunawa hata uso, nikavaa gambuti, nikachukua ufunguo ukutani. Mke wangu alikuwa jikoni anapuliza moto.

"Unakwenda wapi hujanywa hata chai?"

"Kufunga banio."

Akaacha kupuliza. "Kikao si saa nne?"

"Ndiyo, saa nne."

"Watakunyang'anya huo ufunguo, baba Neema. Na kaka yangu unamjua, hatakanyaga tena hapa."

Nilimjua vizuri sana, na nilijua pia kwamba watu wangeacha kunisalimia kwa msimu mzima. Iliniuma, sitadanganya.

"Ufunguo nitawapa mwenyewe hapo saa nne," nikamwambia. "Lakini watakuta maji yameshakwenda tindigani."