Kirukia cha Mwarobaini

Kwaa. Ndivyo kilivyolia kile kijiti nilipokivunja, kama goti la mtu mzima anayeinuka mkekani. Nakisikia mpaka leo. Wala sikutungii hadithi. Jambo hili lilinipata Kariakoo, alasiri, jua likiwaka.

Shangazi yangu anauza dawa za miti shamba. Unakijua kirukia, ule mmea unaoota juu ya mti mwingine na kunywa maji yake? Sisi huwa tunakiuza kwa jina la mti uliokilea, maana hubeba tabia zake. Zaina wa Magomeni, ambaye mimba mbili zilikuwa zimemtoka, aliagiza cha mkwaju ili aishikilie ya tatu. Mkwaju uko mbali, na siku hiyo sukari ilikuwa imefika duka la ushirika, foleni ingenipita. Nikavunja kirukia cha mwarobaini wa uani kwetu. Majani yanafanana, nani angejua?

"Cha mkwaju kweli, mdogo wangu?" akauliza Zaina alipokuja kukichukua.

"Kweli tupu, dada. Akizaliwa wa kike mpe jina langu."

Tukacheka. Akasema atakichemsha baada ya isha.

Saa tisa alasiri ile ile akaja bibi mmoja kajifunga kaniki. Nikampa shikamoo. Akafunua kiwiko, na niamini, kirukia kilikuwa kimeota kwenye nyama yake, kimevunjwa upya, kinachuruzika maji.

"Huyu nimemlisha uchungu wangu tangu mdogo," akasema taratibu, akikigusa kile kirukia. "Mbona umempa jina la mwenzangu mkwaju, ukampeleka kwa mjamzito, na uchungu wangu hutoa mimba?"

Akanishika kiwiko. Kiganja chake gome tupu.

"Unaongea na nani, mwota ndoto wewe?" akauliza shangazi. Mbele yetu hapakuwa na mtu.

Muda wa kumwahi Zaina ulikuwepo. Lakini shangazi ningemwambia nini? Nikabaki napanga mafungu ya mizizi, nikiimba kidogo nisiusikie moyo. Usiku ule mimba ikatoka. Watu wakasema Mungu hakupenda, nami nikaitikia.

Mwaka wa pili sasa, kiwikoni nina kinundu cha kijani, nikikikata, kinarudi. Zaina akipita sokoni hunisalimu kwa upole, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Wewe unayesoma, ukikosea, kimbia siku ile ile, hata kama utatukanwa. Aibu ukiilea, inakunywa wewe.

Jana nilikwenda Magomeni bila kumwambia mtu. Nikabisha hodi kwa Zaina, na nilipomsikia akivuta komeo, sikuondoka.