Mbuzi Niliyempeleka Bomani

Zamani za Wajerumani, kaka yangu alisingiziwa kuiba ng'ombe wa akida, akafungwa bomani. Siku ng'ombe alipopotea, kaka alikuwa nami shambani kwetu Mlali, tukipalilia uwele tangu asubuhi. Nyumbani ni mimi tu niliyejua Kiswahili, nilichokiokota nikibeba mizigo ya misafara, kwa hiyo ndugu wakanituma bomani nikamsemee.

Nikaenda na mbuzi. Kwetu humwendei mtu mwenye hasira mikono mitupu. Unampa mnyama kwanza apoe moyo, ndipo unaeleza kwamba huna kosa.

Bwana shauri, Mjerumani, akamtazama mbuzi, akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa akida, wa kumtuliza. Akaandika.

"Basi amekiri," akasema. "Viboko ishirini na tano, kisha mnyororo."

Nilitaka kusema hapana. Lakini kiboko kilikuwa pale mezani, kinang'aa mafuta, na askari alisimama nyuma yangu, karibu hata nikasikia pumzi zake shingoni. Nikaona wazi kwamba nikibisha nitalazwa chini mimi pia. Habari za shamba na palizi nikaziacha. Mjinga mimi, na mwoga juu yake.

Kaka, aliyekuwa amesimamishwa kando ya meza, hakuelewa hata neno moja. Aliniona nimeinamisha kichwa, akadhani nashukuru. Askari alipomshika mkono, akanigeukia akitabasamu, akaniambia kwa lugha yetu, "Ahsante, mdogo wangu. Umenisemea vizuri."