Mita Ilisema Nzima

Mtaani walimwita Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata mwenye nyumba alipobisha hodi aliuliza, "Sikio, upo?" Alikuwa fundi wa spika na risiva za zamani, zile redio kubwa zenye makasha ya mbao, vifundo vizito vya chuma na mwanga wa rangi ya chungwa nyuma ya kioo cha stesheni. Redio mpya hakuzigusa. "Hiyo ni plastiki yenye makelele," alimwambia aliyeleta moja, na mtu akaondoka nayo kwapani, kanywea.

Sifa yake ilikuwa hilo sikio. Walisema aliweza kusimama mlangoni tu, akakwambia kapasita ipi imechoka na spika ipi imewahi kufunguliwa na fundi mwingine. Watu walileta mizigo yao kutoka mbali. Sifa nyingi humharibu mtu polepole, naye alikuwa amelishwa sifa kwa miaka ishirini bila mtu wa kumpunguzia.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele. Cha nyuma alilala. Rafu tatu zilibeba risiva kumi na tisa, nyingi zake mwenyewe, alizookota kwenye minada na mabanda ya vyuma chakavu akazifufua. Mezani kulikuwa na mswaki wa meno wa kusugulia vumbi, chupa ya spiriti, mita ya kupimia waya na vipuri, gundi, na sponji za kubandika ukingoni mwa spika zilizooza. Kiti kilikuwa kimoja. Kilikaa katikati ya spika mbili kubwa, na miguu yake ilizungushiwa alama za chaki sakafuni, kwa kuwa hapo tu ndipo sauti ya kushoto na ya kulia zilipokutana sawasawa. Ukisogea hatua moja, mwimbaji anahamia ukutani. Kiti cha pili kingewekwa wapi? Mgeni alisimama.

Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: KIMYA. FUNDI ANASIKILIZA. Ukifungua mdomo wakati wa kusikiliza, alikunyanyulia kidole bila kukutazama. Mkewe alikivumilia kidole kile miaka kumi na minane. Siku moja alikuja kumwambia mtoto ana homa kali, akanyanyuliwa kidole. Alisimama pale mpaka wimbo ukaisha, akasema alilokuja kusema, na kabla ya mwezi kwisha akafunga mizigo. Hapakuwa na ugomvi. Sasa aliishi na binti yao katika mji mwingine, na binti ndiye aliyepiga simu kila Jumapili.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Nitakupigia, kuna kitu nakisikiliza."

Hakupiga. Mwanamume anayewanyamazisha watu wake ili aisikie mashine hana haki ya kulalamika nyumba ikinyamaza. Huyu, tuseme kweli, hakulalamika. Alikula amesimama, akaosha sahani moja, akarudi kitini. Ila alikuwa ameanza kuzisemesha risiva. "Leo una kiburi wewe," aliiambia moja. Nyingine aliiaga akienda dukani.

Miezi mitano nyuma, muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili alimletea spika mbili za marehemu mumewe. Hazikuwa mbovu, alitaka tu zisafishwe na sponji zibadilishwe. Sikio alifanya hayo, akakaa kitini, akasikiliza. Besi ilikuwa nzuri. Juu, kimya. Alifungua kasha akaipima tuita, yaani ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba. Mita ilisema nzima. Akapima ya pili. Nzima. Alisogeza sikio mpaka likagusa kitambaa, akasikia kitu kama upepo nyuma ya pazia.

"Mita ya kijinga," akasema.

Alizing'oa zote mbili, akaweka mpya zenye nguvu ambazo yeye alizisikia. Za zamani alizitupa kwenye kopo la biskuti aliloliandika MAITI. Kopo hilo halikuwa na kitu mpaka mwaka juzi. Sasa lilikuwa na tuita kumi na moja, wala hakujiuliza kwa nini zilikuwa zikifa kwa kasi hiyo.

Muuguzi alipokuja kuchukua, alisikiliza amesimama, akakunja uso kidogo. "Fundi, mbona zinachoma?"

"Zilikuwa zimelala, mama. Sasa zimeamka. Masikio yatazoea."

Mama yule aliitikia kwa kichwa. Nani angebishana na Sikio?

Sasa siku moja asubuhi, mshonaji wa chumba cha jirani aliingia kuazima bisibisi. Sikio alikuwa kitini, risiva aliyoipenda kuliko zote inawaka. Alinyanyua kidole. Mshonaji akasubiri karibu na mlango, na fundi alipomtupia jicho alimwona ameziba masikio kwa vidole viwili.

"Unaziba nini? Sauti iko chini hii."

"Si muziki, fundi. Hiyo filimbi."

"Filimbi gani?"

Mshonaji akacheka. "Acha utani wako. Si hiyo hapo! Iiiii. Kama mbu aliyemeza sindano."

Sikio akapunguza muziki mpaka mwisho. "Sasa?"

"Bado."

Akazima risiva.

"Afadhali!" Mshonaji akashusha mikono. "Mungu akubariki. Mwaka wa pili huu nafunga dirisha kwa ajili ya huyo mdudu wako."

"Mwaka wa pili? Na hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Nilikuja mara mbili, mara zote ukanipa kidole. Nikasema basi, huyu ni Sikio. Kama anaiacha ilie, ana sababu zake. Labda ndiyo dawa ya usingizi."

Fundi hakucheka. "Geukia ukutani," alisema.

"Heee! Nimekosa nini?"

"Geuka, dada, tafadhali. Kila ikilia sema inalia. Ikinyamaza sema imenyamaza."

Mshonaji aligeuka, mikono kiunoni. Fundi aliwasha, akazima, akawasha. Kwake chumba kilikuwa kilekile. "Inalia," alisema mshonaji. "Imenyamaza. Inalia. Imenyamaza. Bado imenyamaza, hujagusa kitu, unanijaribu. Hiyo! Inalia." Mara kumi, na zote kumi alipatia. "Nimefaulu? Nipe bisibisi, kuna mteja ananisubiri." Aligeuka huku akicheka, akamwona fundi alivyokaa chini sakafuni, si kitini, mgongo kwenye rafu. Cheko likamkauka.

"Kaka," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Vipi?"

Fundi alikuwa akilitazama kopo la biskuti.

Walizipima pamoja tuita zote za kopo, mteja wa mshonaji akingoja. Mita ilisema tatu zimekufa na nane nzima. Moja moja, fundi akaziunga kwenye waya, na mshonaji akainamisha kichwa. "Hii inaongea. Hii nayo. Hii safi kabisa." Nane. Spika za nyumba nne, zilizoingia kwake nzima zikatoka zimeharibiwa, na wenyewe wakashukuru.

Alipobaki peke yake alizifunga mbili za muuguzi kwa kitambaa, na mikono ikiwa kazini akili ilianza kutunga. Angesema amepata vipuri bora zaidi. Angezirudisha za zamani kama zawadi, mama angefurahi, na Sikio angebaki Sikio. Uongo wa namna hiyo ni mbaya kuliko mwingine, kwa sababu anayedanganywa anabaki anakushukuru. Aliupanga vizuri, maneno yote, akatoka nao.

Muuguzi alimfungulia, akamkaribisha ukumbini. Spika zilikuwa pembeni, zimefunikwa shuka, na juu ya moja kulikuwa na chungu cha maua.

"Mbona hupigi muziki, mama?"

"Niliacha," alisema muuguzi, akikaa. "Kuna wimbo mume wangu aliupenda. Katikati kuna kengele ndogo, inalia mara tatu, naye kila siku aliingoja kwa kidole juu ya meza, hivi. Nilipoupiga baada ya kuzichukua kwako, kila kitu kilikuwa cha mtu mwingine. Kengele ilinichoma kama msumari. Nikajua ni mimi. Nikasema huzuni imeniharibu mpaka masikio. Nikafunika."

Maneno aliyoyapanga fundi yalikuwa tayari mdomoni. Alikuwa ameshasema "Nimepata..."

"Umepata nini?"

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Akamweleza yote: tuita, kopo, mbu wa mshonaji. Muuguzi hakumkatiza hata mara moja. Mwisho aliuliza, "Mita ilisema nzima?"

"Ilisema."

"Nawe ukaijibu nini?"

"Nikaiita ya kijinga."

"Nimekaa wodini miaka thelathini na moja," alisema muuguzi. "Kipimajoto kikisema mgonjwa ana homa, sikukiita cha kijinga. Miezi mitano, fundi. Miezi mitano nimekaa humu nikiamini hata wimbo wake nimenyang'anywa."

"Nisamehe, mama."

"Kwanza rudisha."

Alipiga magoti akafungua makasha. Kazi ya mikono haikumpotea; skrubu zilirudi kila moja tunduni mwake, solda ikashika safi. Kila waya aliupima kwa mita, na mita iliposema, aliitii. Muuguzi aliondoa maua, akapiga wimbo. Fundi alimtazama usoni kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kumjulisha kitu. Wimbo ulikwenda, ukafika katikati. Uso wa mama yule ulifunguka ghafla, macho yakajaa, na mkono wake ukashuka mezani, kidole kikagonga mara tatu.

"Umeisikia?"

Mwaka jana, wiki iliyopita, hata saa moja kabla, angesema ndiyo.

"Hapana, mama."

Muuguzi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Hakumpa pole, wala hakumpa chai. "Wengine wako wangapi?"

"Nyumba tatu."

"Wanajua?"

"Bado."

"Basi umekaa hapa unafanya nini?"

Ya karibu ilikuwa ya kinyozi, kona ya pili. Si nyumba hasa bali kibanda chake, na spika ndizo zilizovuta wateja. Fundi alipitia karakana kwanza, akafika na tuita mbili mfukoni. Ilikuwa saa sita mchana. Benchi lilikuwa limejaa, wanaume wanne, na wa tano kitini amenyolewa nusu ya kichwa. Muziki ulikuwa juu, mashine inanguruma, watu wanabishana mpira.

"Fundi wetu!" alisema kinyozi. "Sogeeni, mkubwa akae."

"Sikai. Nimekuja kukwambia, zile spika nilizitengeneza vibaya."

"Eee?"

"Spika. Niliziharibu."

"Ongea, mzee, hapa hakusikiki kitu!"

Angeweza kungoja kinyozi amalize. Angeweza kumvuta nje, akamnong'oneza kando ya ukuta, watu wawili tu. Aliutazama mlango, kisha akazitazama spika, moja kila upande wa kioo, zikiwapigia wote wale sauti aliyoiharibu yeye.

"Zima muziki kidogo," alisema.

Kinyozi alizima muziki, akazima na mashine. Ubishi wa mpira ukakatika katikati. Wa benchi wakageuka, na yule wa nusu kichwa akamtazama kupitia kioo.

Fundi alitoa tuita mfukoni, akazishika kiganjani wazione, akaanza upya, kwa sauti, tangu mwanzo.