Beseni la Dawa ya Ng'ombe

Paka alikuwa wa baba. Alimwokota sokoni Pangani akiwa mdogo mno, akamlea kwa vichwa vya vibua, na mpaka siku baba anafariki paka yule alikuwa akilala miguuni pake. Baada ya arobaini ndugu walitawanyika, mimi nikarudi Tanga kazini, na nyumba ile ikabaki na wawili, mama na paka. Nikipiga simu, habari za nyumbani zilikuwa habari za paka: kala, hakula, kashinda darini.

Na viroboto. Mama alikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa asubuhi alitoa mikeka yote uani, akaikung'uta na kuianika kutwa, akamwaga maji ya moto ya mwarobaini kwenye nyufa za sakafu. Alasiri alikaa kibarazani, paka mapajani, akamchana kwa kitana cha kutolea chawa, na kila kiroboto aliyenaswa alizamishwa kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima. Mimi niliiona ni kazi ya mtu asiye na shughuli, na nasema hivyo kwa aibu.

Mwaka jana mwanangu alirudi kutoka kwa bibi yake miguu imejaa vipele. Mke wangu akasema mtoto haendi tena Pangani mpaka viroboto waishe. Nilimweleza mama kwenye simu.

"Basi mwambie mkeo nitamchana paka kila siku," alisema.

Mjukuu alikuwa naye huyo mmoja tu. Nilipandwa na hasira, na kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia, nilimkasirikia paka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Kabla ya kuingia nyumbani nilipita kwa jirani, mzee anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa. Kwetu kila mwenye ng'ombe ana chupa ya dawa ya kuogeshea, na sisi tukishaona inaua kupe, tunaamini itaua kila kinachouma. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu, akanimiminia kidogo.

"Hii ya ng'ombe, mwanangu," alisema. "Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Paka mie sijapata kumwogesha."

Nilitia kifuniko kimoja kwenye beseni dogo, maana nilitaka waishe siku hiyo hiyo. Mama akaja na paka kifuani.

"Dawa ya paka hiyo?"

"Ndiyo, mama."

Alimshika yeye mwenyewe nikimwogesha, akimbembeleza kama alivyokuwa akinibembeleza mimi nikichomwa sindano. Viroboto walielea kwenye maji, nami nikafurahi. Kisha paka akaenda kibarazani kujikausha. Paka akilowa hujilamba. Nalijua hilo tangu utotoni, wala sikulifikiria.

Haikupita saa moja akaanza kutoka udenda. Kisha akatetemeka, masikio kwanza, halafu mwili mzima. Nilimpigia afisa mifugo, nikaweka simu kwenye sauti kubwa ili niendelee kuteka maji. Akaniuliza nimemwogesha kwa dawa gani hasa. Mama alikuwa kando yangu, anamsuuza paka kwa sabuni.

"Dawa ya ng'ombe," nikasema.

Mikono ya mama ilisimama, kisha ikaendelea.

Afisa alisema tumwoshe kwa maji mengi, tumfunge taulo, tumpeleke haraka. Alisema pia, bila kujua anamchoma nani, kwamba viroboto wengi hawako mwilini mwa paka bali wako kwenye mikeka na nyufa, na kwamba anayeanika mikeka na kumchana paka ndiye anayefanya sawa. Labda angeongeza tu matone ya paka, yale ya shingoni, kwa kipimo cha uzito wake. Bodaboda ilipofika mlangoni, paka alikuwa ameshakata roho mapajani mwa mama.

Jioni jirani alikuja kutoa pole. Aliuliza kapatwa na nini.

"Nadhani kala panya mwenye sumu," mama alisema.

Sijawahi kumsikia mama akisema uongo kabla ya siku ile. Mzee alimshukuru Mungu kwamba si ile dawa yake, akaenda zake. Mimi nilimsindikiza hadi njiani.

Viroboto hawakwenda na paka. Kwa wiki kadhaa walimshambulia mama miguuni, kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kumuuma. Nilikwenda kila mapumziko, nikaanika mikeka na kumwaga maji ya moto hadi wakaisha kabisa. Mke wangu akaridhika, nikampeleka mtoto.

Hakusalimia hata vizuri. Alikimbilia kibarazani kumtafuta paka. Bibi yake akamwambia alikula panya mwenye sumu.

"Sumu aliiweka nani, bibi?"

"Hatumjui, mjukuu wangu," mama alisema, akamkalisha kando yangu kwenye mkeka, akaenda kututengea chakula.