Safari ya Okoth Kwenda kwa Dani

Feni ya kompyuta kuukuu ikianza kunguruma mahali, hata iwe ofisini kwa watu, mimi narudi sebuleni kwetu Nateete. Yetu ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Baba aliiunganisha kwa vipande vya kuokoteza huku na kule, na kifuniko chake wakakigonga mafundi bati wa Katwe, basi ikawa na sura ya jiko. Tuliipenda hivyo hivyo.

Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu wa maana. Wasafiri wanavuka nchi kwa miguu, kila mmoja na mstari wake wa nguvu. Barabarani mstari unapungua taratibu. Mlimani unakwisha mbio. Ukiisha, msafiri anaanguka, na panga zote ulizomvisha hazimsaidii kitu. Dawa yake ni kupiga kambi, kuwasha moto na kumwacha alale mpaka mstari ujae tena.

Mimi nilikuwa mtoto wa haraka. Kaka yangu Okoth alikuwa na selimundu, ambayo mtaani waliiita sikoseli huku wakiongeza “bambi” ya huruma, na uchovu aliujua kuliko waliotengeneza mchezo wenyewe. Kabla mstari haujawa wa manjano, yeye keshawalaza watu wake. Umeme ukikatika na kuturudisha nyuma, mimi nalia, yeye anacheka kwamba angalau wamelala. Hata mwili wake akaanza kuusema hivyo: asubuhi anamwambia Mama leo mstari uko nusu, na Mama anajua asimtume dukani.

Sisi ni Wajaluo wa Kenya, ila tuliishi ng’ambo ya mpaka. Baba aliuza vipuri mjini. Kila Krismasi alinichukua kwa basi hadi Ugunja kwa dani, yaani nyanya yetu. Okoth alibaki na Mama, maana safari ndefu ilimwamshia maumivu ya mifupa. Mwaka mmoja akaja na mpango wake, akausema mezani bila kusita: tulale Jinja kwa rafiki wa Mama, tulale tena Busia, ndipo tufike kwa dani akiwa bado na nguvu za kumsalimia. Alitaka kumwona dani tu, hakuna kingine. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema likizo yake haitoshi na maisha si mchezo wa kompyuta. Mwakani, akasema, ukipata nguvu. Okoth akaitikia, “Sawa, Baba.”

Mwakani haikumkuta. Alifariki msimu wa mvua, kwa maumivu ya kifua yaliyompeleka hospitali akiwa bado anaongea. Niliumia hata nikamchukia kila mtu aliyekuwa anapumua.

Kwetu mtu hazikwi ugenini. Baba akakodi gari dogo la abiria, jeneza likawekwa katikati yetu, tukashika njia. Dereva alitaka kuwahi mpakani kabla malori hayajajaa. Tulipoingia Jinja nikasema, “Baba, Okoth alisema hapa tupumzike.”

Mama akanibana mkono ninyamaze. Baba akamwambia dereva asimame.

“Mzee, mupaka iko mbali,” dereva akasema. “Tutacherewa.”

“Simama.”

Tukakaa kando ya barabara, injini imezimwa, hakuna aliyeteremka. Baba aliweka kiganja juu ya jeneza na kukiacha pale muda mrefu. Busia akasimamisha tena, bila kukumbushwa na mtu. Nami, jamani, nikafurahi kidogo. Niliamini Okoth anajaa nguvu polepole, na kwamba dani atampokea akiwa mzima.

Siku hizi naipita barabara ile nikiendesha mwenyewe, na miji yake haijaachana sana kama nilivyodhani utotoni. Nimekuja kuelewa kwamba Baba hakuwa akimpumzisha Okoth. Alikuwa akijionea kwa macho yake, kituo baada ya kituo, kwamba safari ile ilikuwa inawezekana.